Moja kwa Arobaini na Tatu

Ami Muhenna ana magari sitini na moja
na hajapata kuendesha hata moja.
Yako Al Khuwair, ghorofa ya tatu, nyuma ya kioo,
chumba ambacho kiyoyozi chake hakizimwi
hata Juni, bili ya umeme ikija ndefu kama kanzu.
"Mpira huyeyuka," husema. "Rangi huvimba."
Bi Shinuna humjibu kutoka jikoni:
"Na mimi je, siyeyuki?"

Yote ya Kiingereza, yote ya mashindano,
yote yalipata kuonekana sinema.
Jagwa jekundu, boneti refu kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.
Lotasi jeupe, jembamba,
kipande cha sabuni siku yake ya mwisho.
Trayamfu la buluu, mlango wa kushoto umelegea.

Nilikuwa na miaka tisa nilipogundua sharti lake:
hanunui gari lililosalimika.
Hili liliruka ukingo wa mlima.
Hili lilitiwa moto na mtu mwenye glovu.
Hili, masikini, liligongwa na treni,
dereva akatoka anakung'uta koti.
"Kule lilikufa," aliniambia, akinitilia kiganjani.
"Litafute mkwaruzo."
Nilitafuta mpaka adhuhuri.

Usukani wa yote uko kulia,
kama wa gari la babake, Unguja,
ambalo sijaambiwa liliishia wapi.

Yeye mwenyewe alikuwa na Korola. Miaka ishirini na sita,
Ruwi kwenda Mina al Fahal, Mina al Fahal kurudi Ruwi,
themanini, themanini, themanini.
Magari ya zamani ya huku yalitiwa kengele:
ukivuka mia na ishirini, ti-ti, ti-ti,
haikuachi mpaka utie adabu.
Yake haikupata kulia.
Fundi alimwuliza, imekufa?
"Sijui," akasema. "Hatujapata kuzungumza."

Kisha sukari ikamla macho, kidogo kidogo,
kama mtu anayebandua lebo asiichane.
Sasa huyasoma kwa kidole gumba:
paa, kioo, mkia, tundu la ekzosi.
Siku moja, kwa kumjaribu, nilimtilia mkononi
gari la Kijerumani nililonunua dukani, bei ya chee.
Akaligeuza mara moja tu.
"Nani huyu mgeni? Mrudishe kwao."

Alhamisi tulikwenda Izki.
Mjane wa mwalimu mmoja alikuwa anauza la kijani,
kijani kile cha Kiingereza kinachokaribia weusi,
lililotumbukia baharini filamu ikiisha.
Ami alikuwa amelitafuta tangu sijazaliwa.
Halikuwa na boksi. Hakupunguziwa, wala hakuomba.
Njia nzima ya kurudi alilishika mapajani kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba yai kwenye basi.

Korola ni langu sasa. Alinipa pamoja na tangi tupu.
Tulipoanza kuteremka kuelekea Fanja akasema,
"Ile kengele. Unadhani ipo?"

Mia. Mia na kumi. Dashibodi ikaanza kutetemeka meno.
Mia na kumi na nane, lori la saruji likarudi nyuma
na herufi zake zote.
Ti-ti.
Ti-ti, ti-ti.
Nikatazama: ami amelinyanyua la kijani hadi dirishani,
analipitisha juu ya milima, taratibu,
akilipindisha kona ambazo barabara haina.
"Ongeza," akasema. Mtu wa themanini.

Mia na thelathini na nane, mwanga ukatupiga usoni,
mweupe, hata yeye aliuona.
"Nini hiyo?"
"Kamera, ami. Tumepigwa picha."
Akanyamaza mpaka kengele ikanyamaza.
"Basi na sisi tumo," akasema.

Faini ilikuja, riyali kumi. Alilipa yeye,
na akanitaka nimchapie ile karatasi.
Iko kabatini, imekunjwa mara nne,
chini ya magurudumu ya la kijani.
Bi Shinuna hupangusa vumbi pembeni yake
na hajauliza.